Alama 1,000: jinsi tuzo za mbio za magari ya umeme ya wanafunzi zinavyogawanywa

Septemba 2023, kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi wa Dübendorf karibu na Zürich, gari dogo la umeme liitwalo Mythen liliondoka kutoka kusimama na kufikia kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 0.956. Lilikuwa limekwenda mita 12.3 tu. Walioliunda ni wanafunzi wa ETH Zürich, chuo kikuu cha Uswisi, na wenzao wa chuo cha Lucerne, na rekodi hiyo ya dunia ya magari ya umeme waliwanyang'anya wanafunzi wa Stuttgart, ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wametumia sekunde 1.461. Video yake ilizunguka kila kona ya mtandao.

Kombe lakini hakuna. Ile ilikuwa rekodi, si mashindano, na kwa namna gari lilivyokuwa siku ile lisingepita hata mlangoni. Mota zake zilitoa kilowati zipatazo 240 wakati kanuni za Formula Student, mashindano ya magari ya mbio yanayoundwa na wanafunzi, zinaruhusu 80, na lilikuwa na mfumo wa kufyonza hewa chini ya sakafu ili lishikane na lami, jambo ambalo kanuni zinakataza. Tena hata kama lingeruhusiwa, kuondoka kwa kasi ni kipengele kimoja tu, nacho katika Formula SAE, mashindano ya aina hiyohiyo ya Marekani, kina alama 100 kati ya 1,000.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa wanaposoma habari za mashindano haya. Timu moja inatangaza kuwa ni bingwa, ya pili inasema imeshinda mbio, ya tatu inapiga picha ikiwa na ngao mkononi, na zote tatu zinasema kweli. Ili ujue nani amepata nini, inabidi ujue alama zinakotoka.

Mashindano yenyewe yana umri mkubwa kuliko magari yake ya umeme. Formula SAE ilianza mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, chini ya SAE, chama cha wahandisi wa magari. Mwaka 1998 wazo likavuka bahari na kuingia Uingereza kwa jina la Formula Student, na mwaka 2006 Wajerumani wakaanzisha yao katika uwanja wa Hockenheim. Miaka yote hiyo injini zilikuwa za petroli, nyingi zikiwa zimeng'olewa kwenye pikipiki. Daraja la umeme lilifunguliwa Hockenheim mwaka 2010, na timu ya Stuttgart ikaibuka mshindi. Marekani ilifuata mwaka 2013 huko Lincoln, jimbo la Nebraska.

Kanuni za asili ziliegemea kisa cha kubuni, na ukikishika kisa hicho mengine yote yanaeleweka. Wanafunzi wanachukuliwa kama wabunifu walioajiriwa na kiwanda kutengeneza gari la mfano. Mteja wa gari hilo si timu ya Formula 1. Ni mtu wa kawaida mwenye kazi yake, anayependa kwenda kushindana mwisho wa wiki kwa kujifurahisha. Mtu huyo anataka gari linalokimbia, ndiyo, ila anataka pia lisimfie njiani, lisimfilisi, na likiharibika alitengeneze mwenyewe kwa spana zake. Alama 1,000 ni matakwa ya mteja huyo yaliyogeuzwa kuwa hesabu.

Alama 325 zinatolewa gari likiwa limeegeshwa. Usanifu wa kihandisi una 150, gharama na utengenezaji 100, na wasilisho la kibiashara 75. Zilizobaki 675 zinatafutwa uwanjani: kuondoka kwa kasi kwenye mstari ulionyooka wa mita 75, alama 100, kuzunguka umbo la nane, alama 75, mzunguko mmoja wa kona nyingi dhidi ya saa, alama 125, mbio za ustahimilivu za kilomita zipatazo 22, alama 275, na matumizi bora ya nishati, alama 100. Mgawanyo huu ni wa Formula SAE. Ulaya mizani inatofautiana kidogo, kwa mfano kanuni za Formula Student kwa miaka kadhaa ziliupa ustahimilivu alama 325 na kuondoka kwa kasi 75, lakini mantiki ni ileile.

Magari hayashindani bega kwa bega. Hakuna kupitana kwa kugusana wala kuanza kwa pamoja kama kwenye televisheni. Kila gari linapambana na saa, na njia imewekewa koni za plastiki.

Kabla ya alama hata moja ya uwanjani kuna ukaguzi, na kwa magari ya umeme ukaguzi ni mtihani kamili. Betri za magari haya zinaruhusiwa kufika volti 600 za umeme wa moja kwa moja. Ni umeme unaoua. Kwa hiyo boksi la betri linakaguliwa peke yake kwanza, kisha mfumo wa umeme, kisha mitambo, na kila hatua ikipita gari linabandikwa stika. Dereva wa daladala au matatu anaielewa hali hii bila kufafanuliwa: bila stika hutembei. Gari linalazwa kwenye meza inayoinuka hadi nyuzi 60 kuonyesha kuwa halitapinduka wala kuvuja. Linanyunyiziwa maji kwa dakika mbili, mfumo wa umeme ukiwa umewashwa, halafu linaachwa dakika mbili nyingine. Kifaa kinachochunguza kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi ya gari kikistuka na kukata umeme, umefeli. Dereva lazima aweze kutoka ndani ya sekunde 5 akiwa amevaa kila kitu. Mwisho ni breki: gari linaongeza mwendo, umeme wa mota unazimwa, na magurudumu yote manne lazima yashike kwa pamoja.

Kipimo cha mvua kinawaangusha wengi. Timu inaweza kuwa imekaa mwaka mzima ikikokotoa mota na mabawa ya kuligandamiza gari kwenye lami, halafu tone la maji likapenya kwenye kiunganishi cha waya kilichofungwa usiku wa manane, na gari likabaki kwenye hema hadi mwisho wa mashindano. Timu hiyo bado inaweza kuondoka na tuzo ya usanifu au ya wasilisho, maana kule haihitaji stika. Ndiyo sababu kwenye majedwali ya matokeo utakuta chuo kimeshika nafasi ya juu kwenye vipengele vya kuegesha na sifuri kwenye vingine vyote. Si kosa la uchapaji.

Sasa turudi kwenye zile 325, kwa sababu ndizo zinazodharauliwa na wageni wa mchezo huu. Jaji wa usanifu mara nyingi ni mhandisi anayefanya kazi kwenye kiwanda cha magari au timu ya mbio. Anapofika kwenye gari haulizi limefanywa nini, kwa sababu hilo analiona. Anauliza kwa nini. Kwa nini mota mbili nyuma na si moja kwenye kila gurudumu? Kwa nini unene huu wa bomba? Mlipimaje kama hesabu ya kompyuta inalingana na gari halisi? Jibu la kwamba ndivyo walivyofanya wa mwaka jana linaua alama papo hapo. Na hapa kuna mtego wa kipekee wa timu za vyuo: kila mwaka walioyajua mambo wanahitimu na kuondoka. Gari linarithiwa, sehemu zinarithiwa, hata programu ya kudhibiti mota inarithiwa, lakini sababu za maamuzi hubaki vichwani mwa watu waliokwishapata kazi kwingine. Timu yenye kumbukumbu zilizoandikwa vizuri inaweza kuishinda timu yenye gari zuri zaidi, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipengele cha haki kuliko vyote.

Gharama nayo ni zaidi ya kuwa na gari la bei rahisi. Timu inawasilisha orodha ya kila kitu kilichomo garini, boliti kwa boliti, pamoja na namna kila kipande kilivyotengenezwa. Majaji wanachukua orodha na kutembea nayo kulizunguka gari. Kilichopo garini na hakipo kwenye karatasi kinakatwa alama. Wasilisho la biashara linapita haraka: wanafunzi wanajifanya wanamuuzia mwekezaji, wanaulizwa maswali ya soko na faida, wanashuka jukwaani.

Uwanjani hesabu ndiyo inayotawala, na hesabu yenyewe ina ukali ambao watazamaji hawauoni. Chukua mfano wa kuondoka kwa kasi. Aliye bora anapata 100. Anayetumia muda unaozidi wa bora kwa nusu yake, au zaidi ya hapo, anapata 4.5 tu za kushiriki. Walio katikati wanapangwa kwa fomula. Tuseme gari bora limetumia sekunde 4 na lako sekunde 5. Kikomo ni sekunde 6. Unagawanya 6 kwa 5 na kutoa 1, unapata 0.2. Unagawanya 6 kwa 4 na kutoa 1, unapata 0.5. Sehemu yako ni 0.2 ya 0.5, yaani asilimia 40. Zidisha kwa 95.5, ongeza 4.5, jumla 42.7. Sekunde moja imekula alama 57.

Ukiishia hapo utasema kasi ni kila kitu. Endelea hadi ustahimilivu.

Mbio za ustahimilivu ni kilomita 22 kwa madereva wawili. Katikati ya njia dereva wa kwanza anashuka na wa pili anapanda, wakiwa na dakika tatu, kisha gari lazima liwake tena lenyewe. Wanaofuatilia mchezo huu wanajua kwamba hapo ndipo mioyo inapovunjika. Gari limekwenda kilomita 11 kwenye jua, betri imepata moto, linasimama dakika tatu bila hewa ya kulipoza, na sensa moja ya joto inasoma nyuzi moja zaidi ya kikomo. Mfumo unakata umeme. Mbio zimekwisha. Hakuna fundi anayeruhusiwa kukimbia na kompyuta kwenda kuifuta ile hitilafu.

Alama zake zimegawanyika: 250 kwa muda na 25 kwa kumaliza mizunguko yote. Kikomo cha muda ni mara 1.45 ya muda wa aliye bora. Koni moja ikiangushwa ni sekunde 2, na kutoka nje ya njia ni sekunde 20. Tuseme gari bora limemaliza kwa dakika 25 kamili. Gari jingine lenye uwezo huohuo, ila dereva wake ameangusha koni 10, limeongezewa sekunde 20 na kupoteza karibu alama 11. Gari la tatu limetambaa, likamaliza kwa dakika 30. Kwa fomula ileile linapata alama kama 116 za muda, na ukijumlisha 25 za kumaliza linafika 141.

Linganisha basi timu mbili za kufikirika. Ya kwanza ina gari kali, imechukua alama zote za vipengele vitatu vya mwendo mfupi: 100, 75 na 125, jumla 300. Ya pili imeambulia 43, 45 na 80, jumla 168. Jioni ya siku hiyo timu ya kwanza inaimba. Kesho yake gari lake linazimika kilomita ya 14. Inabaki na alama chache za mizunguko iliyokwenda, na kwenye matumizi ya nishati inapata sifuri, kwa sababu asiyemaliza hapimwi. Ya pili inamaliza kwa zile dakika 30, alama 141, na kwa kuwa haikutumia umeme mwingi inapata, tuseme, 60 za nishati. Jumla yake ya uwanjani ni 369, na ile iliyokuwa ikiimba iko kwenye mia tatu na kitu. Ni sawasawa na mtahiniwa aliyepata A ya hesabu kisha hakutokea kwenye mtihani wa Kiswahili.

Hapo hatujagusa umeme wenyewe. Uniti moja tunayoinunua kwa tokeni ndiyo kilowati-saa moja ya wahandisi. Betri ya gari la aina hii mara nyingi hubeba kati ya uniti 6 na 8. Chukua 7. Dereva akikanyaga hadi mwisho na mota zikavuta kilowati 80 zinazoruhusiwa bila kupumzika, uniti 7 zinaisha kwa dakika 5 na robo. Mbio zenyewe ni za dakika 25 au 30. Kwa hiyo hakuna timu inayokimbia ustahimilivu kwa nguvu zote. Kila moja inakaa chini kabla ya mbio na kuamua itapunguza hadi kilowati ngapi, itarudisha umeme kiasi gani kwenye betri kila dereva anapokanyaga breki, na itabakiza akiba gani kwa mizunguko ya mwisho. Ukiongeza betri kubwa unaongeza kilo, na kilo zinakula alama kwenye umbo la nane na kwenye kona. Ukipunguza betri unahesabu kila kona kwa woga. Kifaa cha kupima nishati kinachofungwa kwenye gari kinanakili yote, na timu ikizidisha kilowati 80 inaadhibiwa hata kama ilizidisha kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Mtu mjanja atauliza: kwa nini nisiendeshe polepole kabisa nizoe alama 100 za nishati? Waandaaji walishaliona. Alama za nishati zinachanganya umeme uliotumika na muda uliotumika, na gari lililozidi mara 1.45 ya muda wa bora halipati kitu. Kwa hiyo tuzo ya matumizi ya nishati haiendi kwa mvivu wala kwa mwenye pupa. Inakwenda kwa timu iliyopatia kwamba dereva wake aondoe mguu mita chache kabla ya kona badala ya kukimbia kisha kubana breki.

Ukishayaelewa hayo, tuzo zinajipanga zenyewe. Kuna ubingwa wa jumla, ambao ni jumla ya alama zote. Kuna tuzo za kila kipengele, kwa hiyo timu ya nafasi ya kumi na tano inaweza kurudi nyumbani na kombe halali la kuondoka kwa kasi. Kisha kuna kundi la tatu linalozaa vichwa vya habari vingi kuliko stahili yake: tuzo maalumu za wadhamini. Kampuni ya programu inatoa ngao kwa aliyetumia programu vizuri, kampuni ya vifaa inatoa kwa aliyebuni kitu chepesi, waandaaji wanatoa ya uanamichezo kwa timu iliyomwazima mpinzani kifaa chake. Hizi zina majaji wake, na hazimo kabisa kwenye zile 1,000. Sizibezi, wanafunzi wengi wameonwa na waajiri kupitia hizo. Ila ukisoma kwamba chuo fulani kimeshinda tuzo ya kimataifa ya gari la umeme na habari haisemi ni ya kundi gani, uliza.

Uzito huu wa alama si sheria ya dunia nzima. Shell Eco-marathon inapima kitu kingine kabisa. Historia yake inaanzia mwaka 1939 huko Wood River, Illinois, wafanyakazi wa Shell walipowekeana dau la nani atakwenda mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha petroli. Mashindano ya wanafunzi kwa sura yanayojulikana leo yalianza Ufaransa mwaka 1985. Magari ya betri yanapimwa kwa kilomita kwa kila uniti. Magari yenye umbo la tone la maji, dereva akiwa amelala ndani, yamevuka kilomita 1,000 kwa uniti moja. Timu inapewa nafasi kadhaa za kujaribu na lile jaribio bora ndilo linalohesabiwa, kwa hiyo kule gari likizimika mara ya kwanza dunia haijaisha. Falsafa ni nyingine. Hakuna mteja wa mwisho wa wiki, kuna uniti tu na umbali wake.

Lakini hata Shell iliona kwamba kutambaa peke yake hakuchangamshi watu. Mwaka 2016 jijini London ikaanzisha ubingwa wa madereva kwa magari yanayofanana na ya mjini: kila gari linapewa nishati yenye kikomo, yanaanza pamoja, na wa kwanza kumaliza bila kuishiwa ndiye mshindi. Timu ya Bumi Siliwangi kutoka Indonesia, yenye gari la betri, ilishinda mara hiyo ya kwanza, na zawadi ilikuwa wiki moja ya kujifunza kwa timu ya Ferrari huko Maranello. Zawadi yenyewe inachekesha kidogo ukifikiria Ferrari na kubana matumizi. Pembeni kuna tuzo za nje ya uwanja: usalama, mawasiliano, ubunifu wa kiufundi, na ninayoipenda kuliko zote, ya kuvumilia katika shida, kwa timu iliyokwama bandarini au iliyovunjikiwa gari na bado ikafika mstarini. Timu za Afrika zimepitia njia hii. Shell iliwahi kuyaleta mashindano yenyewe Afrika Kusini, na wanafunzi wa Nigeria na Misri wamekuwa wakiyafuata hadi Ulaya na Asia.

World Solar Challenge ya Australia, mbio za magari ya umeme wa jua, inayotoka Darwin hadi Adelaide, kilomita zipatazo 3,000, ilikuwa rahisi kuielewa ilipoanza mwaka 1987: anayefika kwanza ameshinda. Mwaka 2013 likaongezwa daraja la magari ya abiria, na mambo yakageuka. Mwaka 2015 gari la Chuo Kikuu cha Kogakuin cha Japani lilifika Adelaide la kwanza katika daraja hilo. Ubingwa ukaenda Eindhoven, Uholanzi, kwa sababu alama za abiria waliobebwa, umeme uliochukuliwa njiani na kufaa kwa matumizi ya kila siku zilizidi zile saa walizochelewa. Wajapani walikuwa wamefika mapema na wakashika nafasi ya pili. Mtu asiyezijua kanuni angedhani wameonewa.

Upande wetu kuna mfano ambao haukupitia kombe kabisa. Wanafunzi na walimu wa Makerere walijiunga na mradi wa kimataifa wa kubuni gari ulioongozwa na wanafunzi wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, wakarudi Kampala na ujuzi huo, na Novemba 2011 wakaliendesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Halikushindania chochote. Lilizaa kampuni ya serikali, Kiira Motors, ambayo baadaye ilitoa basi la Kayoola. Nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani chuo lazima kiende Hockenheim ndipo kazi yake ihesabike. Kushiriki kule kuna gharama ya kusafirisha gari lenye betri ya lithiamu, mzigo ambao mashirika ya ndege yanauwekea masharti makali, na timu changa inaweza kumaliza bajeti yake kabla ya kununua tairi.

Kwa timu inayoamua kwenda hata hivyo, hesabu inaonyesha pa kuanzia. Alama 325 za kuegesha hazihitaji mota ghali, zinahitaji kuandika na kupima. Alama 25 za kumaliza na zile za nishati zinahitaji gari lililoendeshwa kilomita nyingi nyumbani kabla ya kupakiwa. Mota nne na mabawa makubwa yanaweza kusubiri mwaka wa tatu.

Na jedwali lenyewe halikai mahali pamoja. Kwa miaka kadhaa Formula SAE iliupa mzunguko wa kona nyingi alama 150, umbo la nane 50, kuondoka kwa kasi 75 na ustahimilivu 300. Baadaye ikapunguza 25 kwenye mzunguko na 25 kwenye ustahimilivu, ikaziongeza kwenye umbo la nane na kuondoka kwa kasi. Kabla ya hapo matumizi ya mafuta yalikuwa na alama 50 tu, yakapandishwa hadi 100. Ujerumani nayo iliongeza magari yasiyo na dereva mwaka 2017, na ETH Zürich wakayashinda mwaka huo na uliofuata. Kila badiliko la namna hiyo linaonekana kwenye magari ya msimu unaofuata: betri zinapungua au kuongezeka, mabawa yanabadilika, kompyuta zinahamia kwenye kiti cha dereva. Wanafunzi wenye uzoefu wanasoma kanuni mpya zinapotoka, kwa kalamu nyekundu, kabla hawajachora hata mstari mmoja wa gari.